Kujisaidia Mwenyewe

Nilianguka kutoka kwenye paa la karakana moja Kizota. Nilipanda kwa sababu sikumwamini fundi aliyesema vipimo vyake viko sawa. Vilikuwa sawa. Uti wa mgongo uliumia usawa wa kiuno, na tangu hapo watu huniuliza kuhusu miguu. Kuhusu kibofu hakuna anayeuliza.

Kibofu changu hakikugoma kama miguu, na hilo ndilo tatizo. Kilianza kufanya kazi kwa ari ambayo hakikuwa nayo zamani: kinajikaza bila kuagizwa, kinamwaga kidogo nguoni, kinabakiza kingi ndani. Nilikuwa naweza kukaa mkavu kwa saa moja na nusu. Ofisi niliyokuwa naifanyia kazi, pale Area D, ilisema nafasi yangu ipo, nirudi nikiwa tayari. Nilisomea mipango miji chuo kikuu miaka minne. Niliweza kukupangia mji mzima, na sikuweza kumaliza kikao cha saa mbili.

Nyumbani kwetu Ipagala zamu ilikuwa ya mama. Kila baada ya saa nne alinawa mikono, akafunga mlango, akanipitishia mpira wa mkojo, yaani kibomba chembamba kinachoingia hadi kibofuni, akasubiri mkojo uishe, akauchomoa mpira, akaenda kumwaga. Hospitalini muuguzi alitufundisha wote wawili, na wote tulifaulu. Tulipofika nyumbani mama aliuchukua ule mpira mkononi mwangu, nami nikamwachia. Mimi niliyehoji kila kitu, kuanzia sera ya ardhi hadi maji ya upako, hilo sikulihoji hata siku moja. Nilikuwa naangalia dari.

Vidonge vya kulegeza kibofu vilinikausha mdomo tu. Sindano zilizochomwa kwenye kibofu chenyewe zilisaidia miezi michache, kisha zikaisha nguvu. Kipimo kilipoonyesha kwamba msukumo ndani ya kibofu ni mkubwa kiasi cha kurudisha mkojo kwenye figo, tuliitwa tukazungumze habari za upasuaji. Tulikwenda watatu: mimi, mama, na baba mdogo, mfugaji aliyetoka kijijini ili asimamie.

Daktari alikuwa dada wa rika langu. Alimwambia mama shikamoo, akamwambia baba mdogo shikamoo, mimi akaniambia mambo. Hapo nikajua kikao ni cha nani.

Alichora njia tatu kwenye karatasi. Ya kwanza, mpira wa kudumu unaotobolewa chini ya kitovu na kuishia kwenye mfuko; ni upasuaji mdogo, lakini huleta mawe na maambukizi, na kibofu huendelea kusinyaa. Ya pili, kukata msuli unaofunga mkojo ili utiririke wenyewe kwenye mfuko uliofungwa pajani; figo zinapona, ila hutazuia mkojo tena. Ya tatu, kuchukua kipande cha utumbo na kukishonea kwenye kibofu ili kiwe kikubwa na kitulie, kisha kutumia kidole tumbo kutengeneza kinjia kinachotokea kitovuni. Ningepitisha mpira hapo nikiwa nimekaa kwenye kiti mwendo, nimevaa suruali yangu, chooni ofisini.

Niliitaka hiyo ya tatu kiasi kwamba niliacha kuuliza maswali. Baba mdogo aliuliza.

"Utumbo gani, daktari? Mwembamba au ule mnene?"

"Mwembamba, baba."

"Hapo sawa. Lakini utumbo una ute. Hata ukiushona kwingine, wenyewe hautajua kama umehama."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni kweli. Utaendelea kutoa ute. Atalazimika kukisafisha kibofu kwa maji ya chumvi maisha yake yote."

"Nimechinja ng'ombe wengi."

"Huyu hatumchinji, baba."

"Sijasema mnamchinja. Nataka nijue mnapitia wapi."

Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu upasuaji huo wiki tatu, na suala la ute lilikuwa limenipita.

Kisha daktari akamgeukia mama. "Swali la mwisho. Anajisaidia mwenyewe?"

Alimaanisha kama najitoa mkojo kwa mpira. Mama alisikia anaulizwa kama mwanawe ametelekezwa.

"Mwenyewe? Kwani hana watu? Tangu tutoke hospitali hajajisaidia mwenyewe hata mara moja. Mimi mama yake nipo."

Alilisema kwa fahari. Daktari akapiga mstari juu ya njia ya tatu.

"Basi hii haitamfaa. Kibofu cha namna hii hakijimwagi. Kisipotolewa mkojo kwa saa zake kinaweza kupasuka. Siwezi kumpa mtu anayetegemea mkono wa mwingine. Ukisafiri je, mama?"

"Sisafiri."

"Ukiugua?"

"Siugui."

Daktari aliinama kwenye faili. Mtu ukishampa shikamoo, huwezi kumwambia kwamba ataugua.

"Mama," nikasema, "naomba niseme."

"Sema. Nani kakuzuia?"

"Naweza mwenyewe. Nilifundishwa siku ile ile uliyofundishwa wewe. Ni mimi niliyeacha."

"Ulikuwa unaweza?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizi?"

"Ndiyo."

Baba mdogo aliivuta karatasi ya michoro karibu na macho, akawa anaukagua ule utumbo.

"Nionyeshe," daktari akasema.

Nyuma ya pazia mpira wa kwanza uliniponyoka ukaanguka sakafuni. Akanipa mwingine. Wa pili ulikwama, miguu ikarukaruka kama inavyopenda, nikasubiri, nikasukuma taratibu, mkojo ukatoka. Sikuangalia dari, mpira ungeanguka tena.

"Miezi mitatu," alisema. "Peke yako, kwa saa zake, hakuna mkono wa mtu. Ukiweza, nakupanga kwa hii ya tatu. Ukishindwa, tunatoboa chini ya kitovu."

Njia nzima ya kurudi mama alizungumza na baba mdogo kuhusu mvua.

Kesho yake saa kumi alasiri nilifunga mlango mwenyewe. Nikasikia kandambili zake zikija, zikasimama.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, mama."

Nilikuwa nimefika nusu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Mimi huwa nimeshamaliza."

"Najua."

Alisimama hapo mpaka aliposikia mkojo ukiingia kwenye chombo. Kisha kandambili zikaondoka, geti likalia. Nilijisukuma hadi dirishani. Alikuwa ameshafika barabarani, amejifunga kanga mpya, hana kikapu, na hakuwa ameniambia anakwenda wapi wala anarudi saa ngapi.