Aproni Iliyokunjwa Mara Nne

Kavutha hakuvumilia nguo iliyotupwa ovyo. Miaka kumi na tisa aliuza mitumba sokoni Gikomba, na shati likipita mikononi mwake lilikaa na mkunjo wake utadhani limetoka kiwandani jana. Moto ulipolamba kibanda chake hakwenda kumlilia mtu. Alipanda ngazi za jengo moja huko Huruma, akaingia kliniki ndogo ya eksirei, akamwambia Daktari Phares, mwenye kliniki, kwamba sakafu yake ni chafu na ni yeye atakayeisafisha. Aliandikwa siku hiyo hiyo.

Aliisafisha miaka kumi na mmoja. Tena mtoto akikataa kutulia, na mama yake ana mimba, Gitonga, yule wa kupiga picha, alimwita yeye aje amshike. Gitonga ndiye aliyemfundisha.

"Shosho," alimwita hivyo kama bibi yake, "mionzi ni kama joto la jiko. Ukisimama mbali mara mbili ya hapo, inakupata robo tu. Mashine ikinyamaza, imeisha. Haibaki ukutani." Kisha alimvika aproni nzito yenye risasi ndani, yale madini ya kuzuia mionzi isipenye. "Na hii ndiyo ngao yako."

Nyumbani Shauri Moyo, majirani walikataa hata chai yake, eti anabeba mionzi kwenye nguo. "Mkizima taa, mwanga hubaki chumbani?" aliwauliza, akainywa chai yake peke yake.

Kila jioni kabla ya kufunga, aliikunja aproni mara nne, akaikandamiza kwa goti hadi mikunjo ikakaa sawa, akaiweka kwenye rafu. Gitonga alikuwa akimtazama na kucheka. "Shosho, hata supamaketi hawakunji hivi."

Siku moja akaja mkaguzi wa serikali, mwanamke mpole aitwaye Ilwad. Alikagua mlango, akakagua taa nyekundu, kisha akaitandaza aproni mezani na kuipiga picha kama mgonjwa. Wote walisogea kutazama. Aproni nzima ilifaa kuonekana nyeupe pe, kwa kuwa risasi haipitishi kitu. Hii ilikuwa na mistari myeusi, mmoja wa kushuka, mwingine wa kukata katikati. Kavutha hakuhitaji kuelezwa. Mkunjo wake aliujua.

"Nani huikunja hii?" Ilwad aliuliza.

"Mimi."

"Hii huning'inizwa, mama. Ikikunjwa pale pale kila siku inapasuka ndani, na kitambaa cha juu unakiona kizima."

"Imemdhuru nani?"

"Siwezi kukuambia. Pengine hakuna. Yaliyopita hapo kwenye nyufa hayakupimwa na mtu."

Hilo ndilo lililomchoma. Kuna akina mama walioshika watoto wao wenyewe, aliowavika aproni hiyo kwa mikono yake, akawafunga kamba mgongoni na kuwaambia, "Sasa uko salama."

Daktari Phares aligonga karatasi iliyobandikwa ukutani. "Tangazo la kukataza kuikunja liko hapa mwaka wa sita. Kila mtu alitia sahihi kwamba amesoma. Mama, si sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa yake. Biblia ya Kikamba aliisoma pole pole, kidole kikitangulia. Lakini tangazo lilikuwa la Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Siku ya kutia sahihi Gitonga alimuuliza kama amesoma, naye akamjibu, "Kwani ni wewe tu ulienda shule?" Watu wakacheka, akaandika jina lake.

Sasa Ilwad alimgeukia. "Mama, uliyaelewa yaliyoandikwa hapa?"

Neno moja tu lingemwokoa. Alimtazama Gitonga, ambaye alilisoma tangazo lote, na kila jioni akausifu mkunjo. Gitonga alikuwa akitazama viatu vyake.

"Niliyaelewa," Kavutha akasema. "Nilikunja kwa sababu nilitaka."

Daktari alinyoosha mkono apewe funguo za kliniki. Kavutha alizifungua kwenye leso, akaziweka mezani, si mkononi mwa Daktari.

Baada ya wiki tatu Gitonga alifika Shauri Moyo na kikombe ambacho Kavutha alikisahau kule kazini. Hakukaribishwa ndani, akasimama mlangoni.

"Aproni mpya imekuja, shosho. Na tangazo wamebadilisha. Siku hizi ni Kiswahili, maandishi makubwa, na picha ya aproni iliyoning'inizwa. Hata asiyejua kusoma anaelewa."

Kavutha alikichukua kikombe, akakigeuza kuona kama kimeoshwa.

"Mimi kusoma najua," alisema, akafunga mlango.