Sauti ya Tano

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na siku ile nilipokasirika niliamini kabisa kwamba nina haki. Bendi yetu ya mazumari ya mfuko, watu tisa, ilikuwa kwenye ua wa kanisa, jua la saa kumi likitupiga kisogoni. Mzee aliyetufundisha kwa miaka miwili alikuwa akitupigia tena wimbo wa maombolezo wa Waskoti wa kale, ule unaoanza polepole kisha unarudiwa, kila mzunguko ukiongezewa mapambo. Alipofika mzunguko wa tatu nikainua mkono.

"Mzee, unaongeza sauti."

Mapambo yenyewe ni sauti ndogondogo. Vidole hupiga nne kwa kasi, sikio likapata mkwaruzo mmoja tu. Mzee alipiga tano. Ile ya ziada ilikuwa ya chini, ikiingia kabla ya ile ya mwisho, na ilifanya kila pambo lijikwae kidogo. Mimi nilijifunza zumari Nakuru, kwa kitabu, miaka ile kabla ya kurudi Juba, na kitabu changu kilikuwa na nne. Nikakitoa begini, nikakifungua mbele ya wote, nikamwonyesha kwa kidole.

Mzee hasomi noti. Alifundishwa kwa kuimbiwa, akiwa kijana kwenye bendi ya askari, na mwalimu ambaye naye aliimbiwa, kurudi nyuma hadi kwa Mskoti fulani asiyejulikana na mtu. Alikitazama kitabu kwa heshima, kama anayesomewa barua ya korti. Kisha akanijibu kwa Kiswahili alichookota Uganda ukimbizini, akiniita ya biniya, ewe msichana, ingawa nina watoto wawili.

"Mimi iko napiga hivi tangu zamani, ya biniya. Labda vidole imezeeka."

Nami, Mungu anisamehe, nikasema labda.

Mkuu wa bendi hapendi mabishano. Aliamua nifundishe mimi, mzee apumzike. Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa apumzike, na neno hilo hapa kwetu kila mtu analielewa. Hakuja tena.

Miezi minne ikapita. Kazi yangu ni ya mizigo, uwanja wa ndege, na asubuhi moja ndege ya Nairobi ilichelewa. Nikakaa juu ya kreti na simu yangu, nikautafuta wimbo ule nipate kuwafundisha wenzangu vizuri. Nikaangukia kurasa zilizopigwa picha kutoka vitabu vya mwanzo kabisa, vya miaka kama mia mbili nyuma, nyimbo hizo zilipoanza kutiwa kwenye karatasi. Nikaukuza ukurasa kwa vidole, nikahesabu. Tano. Nikahesabu kuanzia mwisho. Tano.

Nilitoka kazini moja kwa moja hadi mtaa wa Hai Cinema, kwa Msomali wa fotokopi, mtu wa Garissa. Karatasi ya kwanza ilipotoka akaigeuza juu chini.

"Dadangu, hii ni nini? Kuku amepita kwa wino?"

"Ni muziki."

"Wacha wewe! Nani anaweza kucheza hii?"

Ningemwambia namjua mmoja, lakini sikuwa na hakika hata na hilo. Ningepaswa kuona aibu na mambo yaishe. Badala yake nilichanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimeendelea kusoma. Kitabu kingine cha kale kilikuwa na sauti ile ile, ila kimeiandika kwa namna yake. Vitabu vya baadaye vimeifuta. Na wajuzi wenyewe bado wanavutana: wengine wanasema iliandikwa tu, vidole havikuwahi kuipiga, wengine wanasema ilipigwa mpaka vitabu vipya vilipoiua. Sasa mzee alikuwa amebeba kitu cha kale kwa mdomo na sikio, au kidole chake kilikuwa kizito tu? Sauti itatokaje kwenye milima ya Waskoti ifike Juba bila karatasi? Na kama ilikufa njiani, ikazaliwa upya kwenye kidole kilichochoka, nitajuaje? Kichwa kiliniuma. Nilichojua ni kimoja: nilimwondoa mtu kwa kitabu, na vitabu vyenyewe havikuwa vimekubaliana.

Jumamosi nikavuka daraja la mto kwenda kwake, mtaa wa Sherikat, bahasha kwapani. Nilimkuta kibarazani, mke wake akimimina chai. Nilikuwa nimeipanga samahani yangu njia nzima, lakini kabla sijaketi mzee aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Sikia."

Akachukua zumari dogo la mazoezi, akapiga mzunguko wa tatu. Nne. Kila pambo, nne safi, pasipo kujikwaa hata mara moja.

"Umesikia? Kalas, basi, mimi imetoa ile makosa. Kila asubuhi, kila jioni. Sasa iko kwes, iko mzuri?"

"Uliza majirani," mke wake akasema, akicheka.

Walikuwa wananitazama wote wawili, wakingoja niseme arudi lini. Nikazitoa karatasi bahashani. Nikamweleza: vitabu vya kwanza, sauti tano, ile ya chini kabla ya ile ya mwisho.

"Hapa ndiyo ile yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Malesh, nisamehe. Ulikuwa sawa." Kisha, kwa kuwa sikutaka kumdanganya mara ya pili, nikaongeza, "Nadhani. Sijui. Nipigie kama zamani, tusikie."

Akajaribu. Vidole vikaishia nne. Akajaribu polepole, sauti ya tano ikaja, lakini mahali pasipo pake. Mara ya tatu akaupoteza wimbo wenyewe. Akaiweka mikono magotini, akaikagua pande zote mbili.

"Imekataa," akasema. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Mimi nimesahau vile ilikuwa. Wewe ulisikia miaka mbili. Niimbie."

Mke wake akaacha kumimina. Nikafumba macho, nikautafuta ule mzunguko wa tatu jinsi ulivyokuwa ukiniudhi pale uani, nikafungua mdomo nimwimbie.

Zikatoka nne.