Hoja ya Barabara ya Babu

Juzi nilipita Ruwi, mtaa wa Maskati, kutafuta chumba cha bei nafuu, nikaonyeshwa ghorofa ya pili ya jengo nililolijua. Sebule ya babu sasa ni bweni la vijana wa kazi, vitanda juu ya vitanda. Nilisimama mlangoni kama mjinga. Nilitaka harufu ya kahawa na tangawizi. Ilinijia ya dengu na sabuni.

Utotoni mwangu, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sebule ile ilikuwa bunge. Ndiyo, bunge. Zama za Mwingereza babu alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria kule Unguja, na jirani yetu wa ghorofa ya juu alikuwa mjumbe wa upande wa pili. Hoja ya mwisho ya babu, ya kutiwa lami barabara ya kijijini kwao Pemba, iliahirishwa hadi kikao kijacho. Kikao hicho hawakukiona. Mapinduzi yakaja, wakajikuta Maskati. Basi wakakiendeleza hapo, juu ya zulia, na wenzao wachache waliobaki.

Bibi ndiye aliyekuwa Spika, kwa kuwa wenyewe hawakuaminiana. Alikaa karibu na mlango wa jikoni, akigonga sinia kwa kijiko.

"Mheshimiwa, barabara hiyo itapitisha nini? Punda?" jirani huuliza.

"Itampitisha mkeo, akukimbie," babu hujibu.

"Futa kauli, bwana," bibi husema, naye anacheka. "Na nyote nyamazeni, mkate wa kumimina unapoa."

Mimi niliyetoroka shule kwa kila kisingizio, Ijumaa sikuikosa. Sikuchoka kuwatazama watu wakichambana vile, kisha wakapakuliana halwa.

Wazee wakaanza kwenda mavani, mmoja baada ya mwingine, hata wakabaki babu na jirani tu. Babu naye maradhi yalishamwingia. Ijumaa moja alitoa hotuba yake, ile ile ya siku zote, akangoja apingwe. Jirani alimtazama sana.

"Spika, miye sina pingamizi," akasema. "Nnaunga mkono. Barabara ijengwe."

Nilidhani babu angefurahi. Aliweka kikombe chini.

"Umeniona nakufa?"

"La, ndugu yangu. Nimeridhia tu."

"Ungenipinga," babu akasema. "Ungenipinga, tungekuwa na Ijumaa ijayo."

Bibi hakugonga sinia. Aliinuka akaingia jikoni, akafungua maji ya bomba, akayaacha yamwagike.

Ijumaa iliyofuata jirani alibisha hodi, babu akataka aambiwe amelala. Alikuwa macho, ameelekea ukutani. Ramadhani haikumkuta. Jirani alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza, akakataa kupokewa mpaka kaburini.

Tangu hapo nimezunguka miji mingi, nimekaa kwenye sebule za watu wengi. Waungwana wote hao. Nikisema jambo, wananikubalia, wananiongezea chai, nami naaga mapema.