Mataruma ya Chumba

Juzi, hapa Mombasa, nilimwona fundi akisimamisha miti ya ukuta wa banda, kisha akilaza mbao juu yake kuanzia chini. Nikamuuliza ile miti anaiitaje.

"Nguzo," akasema, akinishangaa.

Kwetu kisiwani Chovae baba aliiita mataruma, kama mbavu za chombo, maana kazi yake ilikuwa kuunda vyombo na hakuwa na maneno mengine. Alasiri moja, nikiwa mtoto, alikuwa akiongeza chumba nyuma ya nyumba. Mikono yake ilinuka sifa, yale mafuta ya papa, na nyundo ililia hadi pwani. Mimi niliposikia mataruma, nikajua tunasafiri. Kilichonitatiza ni omo tu, ile sehemu ya mbele ya chombo, iko wapi? Nikabahatisha upande wa bahari, nikatandika mkeka wangu hapo, nikampakata kuku wangu, nikangoja.

Lakini baba alizipandanisha mbao, ya juu ikiilalia ya chini, wala hakuziba nyufa kwa pamba.

"Baba, mbona hutii kalafati? Maji yataingia!"

Mama alicheka hadi akaketi chini. Baba hakucheka.

"Hii si ya kusafiria mchu, mwanangu. Ni ya kukaa."

Kwetu mchu ndiye mtu. Nikaukunja mkeka kwa uchungu.

Miaka baadaye, siku tulipokimbia vita kuja huku, chombo kilijaa watu na maji yalikuwa yakiingia. Niligeuka nikakitazama kile chumba. Kilisimama wima, kikavu, na ndani hamna mchu.