Onyesho Letu la Mwisho Embu

Kwa miaka sita mimi nilipiga piano na mwanamume niliyempenda akapiga sello, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Sote tulikuwa walimu mjini Meru, na wakati wa likizo tulipiga muziki wa klasiki katika kumbi za makanisa. Nilidhani tutaoana.

Siku ya onyesho la Embu, tulipokuwa tukijiandaa nyuma ya ukumbi, aliniambia amemchumbia mwalimu mmoja wa Mitunguu.

"Ningekuambia mapema," alisema, "lakini niliogopa utakataa kuja."

Nilitaka kurudi nyumbani, lakini watu walikuwa wameshaketi.

"Nipe noti," akasema kama kawaida, nami nikampigia sauti moja kwenye piano ili alinganishe nyuzi za sello yake. Tulipiga vizuri kuliko siku zote. Kila alipovuta pumzi nilijua ataanza lini bila kumtazama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulipomaliza, mama mmoja alitushika mikono. "Mnapendana sana, inaonekana. Mungu awabariki."

"Asante, mama," akajibu yeye. Mimi nikaanza kukusanya karatasi zangu za muziki.

Bado nafundisha piano, ila sijapiga tena na mtu yeyote.