Siku Mke Wangu Alipochukua Kalamu

Watu wa komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, walipotangaza kwamba wakaaji wote wa mtaa wa Kasha wataitwa kuamua sentre yetu ndogo ya maduka na soko itajengwa namna gani, mimi nilikuwa tayari nimeshaichora. Mimi ni mchora ramani katika biro ya wahandisi mjini, na kwa miaka mingi nilikuwa na ile sentre kichwani: uwanja wa duara, maua katikati, benchi za saruji, maduka ya ghorofa moja. Jumamosi ya kwanza ya mikutano niliibandika ramani yangu ukutani, katika ukumbi wa parokia, nikakaa mstari wa mbele na shati langu jeupe.

Mke wangu alikaa nyuma pamoja na wenzake wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakuja kwa ajili yangu. Chama chao cha soko kilialikwa.

Watu walitazama ramani, wakasema iko muzuri, wakanyamaza. Aliyeongoza mkutano, msichana aliyesomea mambo ya miji, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasikia sauti ninayoijua.

"Pale mwenye kuchora ameweka maua," mke wangu alisema, "ni pale njo maji inapitaka kama mvua inanyesha. Ile maua itafika ku ziwa mbele yetu."

Ukumbi mzima ulicheka. Hakutaja kwamba mwenye kuchora ni mume wake, wala hakucheka. Yule msichana akamwita mbele, akampa kalamu nene ya wino. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akichora kitu. Alivuta mstari mmoja uliopinda juu ya uwanja wangu wa duara, akasema hapo utengenezwe mfereji. Akaonyesha ngazi ambako wamama huanguka wakibeba mizigo. Akasema meza za soko ziangalie barabara, kwa sababu muteja hawezi kununua kitu asichokiona. Wengine wakainuka, wakamzunguka. Saa sita ilipofika, mimi nilikuwa nimepewa daftari niandike wanayosema.

Nyumbani nilisukuma sahani kabla ya kushiba, mke wangu akaniangalia.

"Papa watoto, umekasirika?"

"Nimechoka tu."

Ulikuwa wivu, na nilijua. Mimi niliyesoma sikujua maji yanapita wapi mita mia mbili kutoka mlangoni mwangu. Yeye alijua, na watu walimpenda kwa kujua huko.

Jumamosi ya pili walimchagua awe msemaji wao. Tangu siku hiyo wamama walianza kuja kwetu kumuuliza hiki na kile. Mmoja alinikuta salon, chumba chetu cha wageni, akanisalimu vizuri, kisha akaniomba nihamie kiti kingine ili wapate kukaa karibu naye. Barabarani mzee mmoja aliniita "bwana ya ule maman wa mufereji". Nilitabasamu. Nilipompita nikaongeza mwendo.

Kazi ya kuchora ramani ya mwisho ilibaki kwangu. Mfereji niliuchora, ngazi pia. Lakini meza za soko nilizigeuza, zikaipa barabara mgongo, zikaangalia ukuta wa maduka, na mbele yake nikarudisha maua yangu kidogo. Nilijiambia kwamba nafasi haitoshi. Nafasi ilitosha.

Jumamosi ya tatu mke wangu alisimama muda mrefu mbele ya ile ramani. Kisha akaweka kidole.

"Hapa tulisemaka meza iangalie barabara. Iko inaangalia ukuta."

Watu wote wakanigeukia.

"Ni kosa yangu," nilisema.

Alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa. Akawageukia wenzake. "Kazi ilikuwa mingi. Atatengeneza."

Kule kunifunika mbele ya watu kuliniuma kuliko kama angenitaja.

Kesho yake, baada ya misa, nilitandaza karatasi mezani. Alikuja akashika rula upande wa pili.

"Ju ya nini uligeuza zile meza?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu ya nani?"

"Yako."

Alinyoosha karatasi kwa kiganja. Kisha akasema, taratibu, "Mi nilizania unanioneaka haya. Unatembeaka mbele kila mara tukitoka ku soko, ju ya harufu ya samaki."

Nilikuwa natembea mbele kweli. Nilizichora zile meza upya, moja moja, na yeye aliangalia mpaka ya mwisho.

Leo mfereji upo, meza zinaangalia barabara. Uwanja wa duara haukujengwa. Mwezi uliopita wageni walitoka kijiji cha Miti kuuliza tulifanyaje, kwa sababu na kwao wanataka kupanga sentre yao. Walipobisha nilivaa koti haraka, nikachukua ramani zangu. Wakauliza kama maman yupo.

Nikawaambia yuko sokoni. Nikaenda mimi mwenyewe kumwita, na njia nzima wivu ulikuwa bado unaniuma.