Milango ya Maji ya Mzee Herbert

Kuna kijiji kimoja Uingereza ambacho Nyaboke hajawahi kukikanyaga, na bado ukimpa nafasi atakupitisha humo usipotee. Atakuonyesha kanisa la mawe, baa ya pekee, duka la posta lililofungwa zamani, na daraja dogo ambalo mawe yake yamechimbwa mistari na kamba za farasi waliokuwa wakivuta mashua. Kisha atakushusha hadi kwenye mfereji, na atakuonya uangalie utelezi, kwa sababu mvua ya huko hainyeshi ikaisha kama ya kwao Nyamira. Hunyunyiza tu kutwa, kama mtu anayechekecha unga.

Kijiji hicho alikijulia Doha, Qatar, katika vila moja ya mtaa wa Abu Hamour, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, na ng'ambo ya ukuta ni vumbi.

Twende naye polepole, maana maisha ya Nyaboke hayana vishindo. Aliondoka Nyamira akiwa mjane, akamwacha mama yake na majani ya chai yanayotaka kuchumwa. Alianza kwa kusafisha nyumba Al Rayyan, akainama miaka miwili juu ya sakafu za watu. Mwaka wa 2011 mwalimu mmoja Mwingereza, Fiona, akamchukua kwake. Hakumtaka kwa sakafu. Alikuwa amemleta baba yake kutoka kule kijijini, mjane kama Nyaboke, aliyeteleza kwenye barafu akavunja nyonga na kulala nje mpaka jirani alipomwona. Akili ya mzee nayo ilikuwa imeanza kuvuja.

"Kazi yako ni moja," Fiona alimwambia. "Asikae peke yake."

Mzee mwenyewe aliitwa Herbert. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa kuliko mwili, na maisha yake yote alikuwa mtunza milango ya maji, kama baba yake kabla yake. Nyaboke hakuielewa kazi hiyo, mzee akamweleza, na kwa kuwa alisahau kwamba ameshamweleza, akamweleza tena na tena mpaka ikamkaa. Mfereji ule hupanda kilima. Maji hayapandi kilima, basi watu wa zamani wakajenga sanduku kubwa la mawe lenye milango miwili mizito ya mbao upande wa juu na miwili upande wa chini. Mashua ikiingia, unafunga nyuma yake, unaachia maji, nayo inainuka taratibu kama mtu aliye kwenye lifti. Ukisahau milango wazi, maji yote ya juu yanashuka, na asubuhi mashua za watu zimelala kwenye matope.

Kwa hiyo kila jioni mtunza milango huenda kuhakikisha. Na Herbert, ambaye hakukumbuka amekula nini mchana, hilo hakulisahau. Msikiti uliokuwa nyuma ya vila ulipoadhini magharibi, alikuwa akigeuza kichwa.

"Boke, milango umefunga?"

Mara ya kwanza Nyaboke alimjibu kweli, kwamba wako Qatar na hapa hakuna milango. Mzee akahangaika, akatafuta viatu, akataka kutoka kwenye joto la Julai na sweta ya sufu. Ilimchukua Nyaboke muda mrefu kumtuliza. Kesho yake alijibu tofauti.

"Nimefunga, Mzee."

"Na ya chini?"

"Na ya chini pia."

Mzee akashusha pumzi, akala chakula chake chote.

Basi ikawa hivyo. Kiprono, dereva wa nyumba ile, alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza, kisha anamchokoza Nyaboke jikoni. "Dada, wewe unafunga mito ya Uingereza ukiwa Abu Hamour. Malkia anajua?" Nyaboke alimwambia anyamaze anywe chai yake ya karaki, na kwamba yeye Kiprono hata geti la hapa nje hulisahau wazi kila siku.

Ni Kiprono huyohuyo aliyetoa wazo la kumpeleka mzee Pearl, kwenye kile kisiwa cha matajiri ambako wamechimba mifereji kati ya majumba ya rangi rangi na kuweka vidaraja. Ijumaa moja baada ya misa, maana huko misa kuu ni ya Ijumaa, wakampeleka. Shamira, Mganda aliyekuwa mlinzi pale, ndiye aliyesaidia kushusha kiti cha magurudumu. Herbert alitazama maji kulia, akatazama kushoto, akauliza nani anayatunza. Shamira kwa heshima akasema ni yeye, yuko shifti mpaka jioni. Mzee akampima kwa macho tangu kofia hadi buti.

"Milango yako iko wapi?"

"Hayana milango, sir."

"Basi hayaendi popote," mzee akasema, kwa masikitiko, kama anayempa pole kwa msiba. Walicheka njiani kurudi, na mzee akacheka nao bila kujua kwa nini. Tangu siku hiyo wakawa wanakwenda kila Ijumaa.

Lakini chini ya kicheko hicho kulikuwa na jambo moja lililombeba Herbert siku hadi siku: atarudi. Aliamini kwamba nyonga ikipona atarudi kwenye nyumba nyeupe kando ya mfereji. Phyllis, mkewe, alikuwa huko. "Nilimwacha Phyllis pale karibu na maji," mzee alikuwa akisema, "siwezi kumwacha peke yake majira mengine ya baridi." Nyaboke alimwitikia. Kila alipomlisha, kila alipomnyoosha mguu, alikuwa akimwambia kula, piga hatua, utarudi. Na mzee alikula, akapiga hatua, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu kosa lililotokea ni la mtu wa kwetu kabisa. Mzee aliposema Phyllis yuko karibu na maji, na nyumba iko karibu na maji, Nyaboke hakuuliza zaidi. Kwa Wakisii mke huzikwa uani kwake, kando ya nyumba aliyoipikia. Wamzike wapi kwingine? Akilini mwake alishaliona kaburi: hatua chache kutoka mlango wa jikoni, limezungushiwa maua. Miaka miwili alimwonea Phyllis imani humo uani.

Alhamisi moja Fiona alirudi kutoka kazini amechoka, akavua viatu jikoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo kwamba hatimaye ile nyumba ya kule kijijini imenunuliwa. Alieleza bila kuulizwa. Mabomba yalikuwa yamepasuka kwa barafu, paa linavuja, na baba hatawahi kukaa peke yake tena, hata daktari amesema. Alimwomba Nyaboke asimwambie. Hayo yote aliyasema kwa upole.

Nyaboke alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu kikasimama.

"Madam, umeuza nyumba na mama yako ndani?"

Fiona hakuelewa. Akasema mama yake hayumo ndani, mama alishafariki.

"Najua amefariki. Yuko uani. Umewauzia wageni kaburi la mama yako?" Na sauti yake, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kupanda, ilipanda. "Nyumba ya mama haiuzwi. Kwetu hata mlevi haiuzi."

Fiona alikuwa anatazama mlangoni. Herbert alikuwa amesimama pale ameshikilia chuma chake cha kutembelea, chenye miguu minne. Alikuwa amepiga hatua zote hizo kutoka sebuleni peke yake, kama alivyofundishwa.

"Nyumba gani?" akauliza.

Nyaboke akaweka kisu chini.

"Fiona. Nyumba gani?"

Binti yake akamshika mkono, akamweleza. Wengine tungetumaini kwamba mzee anayesahau kila kitu atalisahau na hilo. Nyaboke alitumaini hivyo usiku kucha. Lakini kusahau hakuchagui kwa huruma. Jina la rais wa nchi yake lingeweza kumtoka, na hata kwamba hawana rais, ila hili lilikaa.

Kesho yake adhana ya magharibi ilisikika na Herbert hakugeuza kichwa. Nyaboke akangoja. Adhana ikaisha, kiyoyozi kikabaki kinanguruma peke yake. Mwishowe akasema mwenyewe, "Mzee, nimefunga milango."

Herbert alimtazama kwa macho makavu. "Ya nani?"

Nyaboke alikwenda jikoni akasimama akilitazama sinki.

Fiona hakumfukuza kazi. Alimkalisha tu akamweleza kwamba kwao watu hawazikwi uani. Phyllis alikuwa kwenye makaburi ya kanisa, na kanisa halijauzwa, haliuziki. Nyaboke alisikia uso ukimwaka. Aliomba msamaha, Fiona naye akasema kosa ni lake kumficha baba, wakalia wote wawili mezani, kila mmoja kwa sababu yake. Lakini machozi ya mezani hayakumfanya mzee ale. Aliacha sahani ilivyoletwa. Aliacha mazoezi. Nyonga iliyokuwa imepona ikaanza kukaza tena, na Nyaboke akimnyoosha mguu hakuwa tena na la kumwambia. Atamwambia piga hatua uende wapi?

Kiprono hakumtania tena. Siku moja tu alimwambia, huku akifuta kioo cha gari, "Dada, ulimwambia uongo miaka miwili akaishi. Ukweli ameusikia mara moja tu, tazama alivyo." Hakukusudia ubaya, lakini Nyaboke alilibeba neno hilo.

Ndipo akarudi kwa Fiona na swali, safari hii akiuliza kabla ya kujijibu. Kaburi la mama liko upande gani wa kanisa? Fiona akasema upande wa chini, kwenye ukuta unaopakana na mfereji. Jiwe lake likoje? Ni la kijivu, limeandikwa jina la Phyllis nusu ya juu. Na nusu ya chini? Nusu ya chini waliiacha wazi, akasema. Ni ya Baba.

Ijumaa iliyofuata Nyaboke aliomba Kiprono awapeleke Pearl. Mzee alikuwa mwepesi kwenye kiti kama nguo zilizokaushwa. Shamira aliwasalimu, na alipomwona mzee akasogea mbali kidogo akawaachia kidaraja. Nyaboke alichuchumaa mbele yake ili macho yao yakutane.

"Mzee, nyumba imeuzwa. Nilikudanganya kwamba utarudi humo, na nilikosea. Lakini mahali pako kando ya Phyllis hapajauzwa. Jiwe lina nusu wazi. Panakungoja wewe tu."

Herbert aliyatazama maji yale yasiyokwenda popote.

"Upande wa ukuta," mzee akasema.

"Upande wa ukuta."

"Pale maji husikika." Akayawaza hayo. Msikiti wa mbali ukaanza kuadhini, na kichwa chake, pole pole, kikageuka. "Boke. Kama nyumba ina wageni, milango inafungwa na nani?"

"Na mimi."

"Na ya chini?"

"Na ya chini pia, Mzee."

Alikula jioni ile, si sana. Hakupona, na hakuna aliyemwambia atapona. Aliishi mpaka baridi ya Doha ilipoingia, ile baridi ndogo inayowafanya watu wa huku wavae makoti na ambayo yeye aliichekea. Kila magharibi aliuliza, kila magharibi akajibiwa. Mwanzoni mwa 2014, asubuhi, Nyaboke akimpelekea chai, alikuta amekwisha kwenda.

Fiona alimsafirisha akazikwe kando ya Phyllis. Nyaboke hangeweza kufuatana naye, maana viza ya kule haipatikani kwa siku mbili tatu, na kibali cha kutoka Qatar kina njia zake ndefu. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kwao maiti haendi nyumbani bila mtu aliyekaa naye mwisho. Alimvalisha mzee ile sweta ya sufu, akamfuata Fiona hadi kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, akamshika mkono dirishani.

"Madam, ukishamzika, jioni, nenda ukafunge milango."

Fiona akasema milango ile siku hizi hufungwa na wenye mashua wenyewe, watunzaji hawapo tena.

"Nenda tu."

Siku ya mazishi Nyaboke alikaa kwenye kile chumba chenye dirisha la ukuta. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kile chuma cha kutembelea kiliegemea kabati. Adhana ya magharibi ikapita, kisha ya isha, maana giza la huku huwahi kuliko la kule. Kiprono aliketi kwenye ngazi nje. Simu ikalia.

Ilikuwa sauti ya Fiona, na nyuma yake kulikuwa na mwanguko wa maji, mzito, usiokatika. Nyaboke aliijua sauti hiyo kabla ya kuambiwa ni nini. Fiona alikuwa anahema kama mtu aliyesukuma kitu kizito. Akasema mazishi yameisha, mvua inanyunyiza, na mikono yake imechubuka kwa ubaridi wa mbao.

"Nimefunga, Nyaboke."

Nyaboke alishikilia simu kwa mikono yote miwili.

"Na ya chini?"

Upande wa pili yalisikika maji tu, kisha pumzi ya mtu anayejizuia. Halafu zikasikika hatua, zikienda taratibu kwenye mawe yenye utelezi, zikiteremka.